Maji ya Tumbaku kwa Begonia

Jumatatu ya juma ambalo nyanya yangu alikuwa abatizwe, niligeuza jani la begonia nilipanguse vumbi, nikakuta upande wake wa chini unatembea. Sina namna nyingine ya kulisema. Jani lenyewe lilikuwa limetulia mkononi mwangu, lakini ngozi yake ilikuwa inatembea. Vidudu vya kijani, laini, vimebanana kama watu wa Kamukuywa siku ya soko, vingine vimepanda juu ya vingine, na katikati yao sisimizi wakipita huku na huku kama wanyapara. Nililiachia jani. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta, nikajifuta mikono kwenye suruali, kisha nikaanza kujikuna shingo, ambako hakukuwa na kitu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Sijivunii jambo hilo. Maua yangu yalikuwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, yamepangwa juu ya benchi sebuleni kwa mama, na kila kopo nililigeuza hadi mshono wa bati ukaelekea ukutani. Mgeni akisogeza kopo moja, nilikuwa sisikii tena mazungumzo mpaka aondoke nilirudishe. Vijana wenzangu walinicheka. Walisema maua ni kazi ya wasichana, na kwamba nikioa, mke wangu atapewa kopo lake naye asimame benchini mshono ukutani. Nilicheka nao, halafu nikabaki macho nikifikiria maneno yao kuliko walivyoyafikiria wao.

Maua hayo niliyapata Kitale. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mahindi huko, na shangazi yangu aliishi Kibomet, hukohuko Kitale, akifua nguo katika nyumba ya mama mmoja wa Kizungu. Mama huyo alipochoka na ua, alilitupa nyuma ya jikoni pamoja na maganda ya viazi. Shangazi aliyaokota maua hayo, nami nilipokuwa nikikaa kwake niliyakata vipande, nikavichomeka kwenye udongo na kuvifunika kwa magunia mabichi mpaka vikashika mizizi. Sikuwa na mwalimu. Shangazi alikuwa ameleta magazeti ya zamani ya wakulima kutandika kwenye rafu, yote ya Kiingereza, nami niliyasoma kwa kuinamisha shingo kati ya masufuria, neno hili nikilijua, lile nikilikisia.

Ujuzi wa namna hiyo una mashimo. Huko Kibomet nilikuwa na kangaga, lile jani la kuchanikachanika linaloota kando ya vijito. Siku moja niliona chini ya majani yake vidoa vya kahawia, vimejipanga safu mbilimbili kama vifungo vya koti. Gazeti lilikuwa limesema kuna wadudu wenye magamba ambao hukaa palepale pasipo kusogea na kunyonya maji ya mmea. Basi nilichukua kisu nikakwangua vidoa vyote, jani baada ya jani, kutwa nzima, nikaona fahari. Siku chache baadaye nilishuka kijitoni kuteka maji, nikageuza kangaga la mwituni. Vidoa. Nikageuza la pili, la tatu, nikaingia na viatu majini kufikia mengine. Kila kangaga la kijito kile lilikuwa na vidoa vilevile, safu mbilimbili, hata machanga. Nilikuwa nimekwangua mbegu zake nikidhani ni ugonjwa.

Aibu hiyo ndiyo iliyoniharibia mambo. Niliapa sitageuza tena jani kutafuta makosa. Kwa hiyo nilipopandisha makopo yangu kwenye lori la mahindi kurudi nyumbani Bungoma, sikuangalia chini ya kitu chochote. Vidukari wale, vile vidudu vya kijani, niliwapakata mwenyewe mapajani, kutoka Kitale mpaka Kamukuywa kwetu, nikiwakinga na upepo.

Sasa nyanya. Kwetu tunamwita kukhu, nami nilikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kiume, kwa hiyo aliniita bwana wangu, kama wafanyavyo nyanya wote wa kwetu, akinidai nguo na nyama mbele za watu kana kwamba kweli alikuwa ameolewa nami. Alikuwa ameingia darasa la ubatizo uzeeni. Alijifunza maneno yote kwa kusikia, akayashika kuliko vijana wenye vitabu. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kanisa letu halikubali tumbaku, naye alikuwa ameitumia tangu ujana wake kwa ile njia ya wazee wa upande wetu wa Elgon: majani yanalowekwa, yanatiwa magadi ili maji yapate ukali, kisha mtu anamimina kidogo kiganjani, anavuta kwa pua na kuibana kwa vidole huku anaendelea na mazungumzo. Ili akubaliwe, alipaswa kuacha. Akaacha. Kibuyu chake kidogo cha tumbaku alikitupa chooni sisi tukiona. Mama alikuwa ameshamshonea gauni jeupe, na wazee wa kanisa walikuwa wamesema makopo yangu ya maua yakae mbele siku hiyo. Nyanya mwenyewe alikuwa amechagua mahali pa begonia nyekundu, upande atakaosimama.

Ndiyo hiyo begonia niliyokuwa nimeigeuza jani.

Nilipoacha kujikuna, nilirudi benchini nikageuza majani yote, kopo kwa kopo. Begonia tatu zilikuwa na vidukari. Majani yao ya juu yalinata kama yaliyopakwa asali, na penye kunata palianza kuota weusi kama masizi ya taa. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeuona mng'ao huo na kuusifu. Niliwaonyesha wageni. Kwenye jeraniamu, maua yangu mengine ya benchini, niliona jambo lingine: mahali jani linapoungana na shina palikuwa na pamba nyeupe, na nilipoichokoa kwa kijiti ilitoa miguu. Nikakaa chini sakafuni. Kusema kweli nilitaka kubeba benchi lote nikalitie moto.

Nilianza na sabuni, maana hilo nilikuwa na hakika nalo. Nilikwaruza sabuni ya kufulia kwenye maji ya uvuguvugu, nikapangusa majani kwa kitambaa, juu na chini, nikiyashika kwa kiganja kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Ile pamba ya jeraniamu niliitoa kidogokidogo. Jeraniamu nilizihamisha nje mbali na wenzao. Sisimizi niliwazuia kwa kusimamisha miguu ya benchi ndani ya vikopo vya maji, kwa sababu nilikuwa nimewaona wakibeba vidukari kutoka jani hili kwenda lile, kama mtu ahamishavyo ng'ombe. Jumanne jioni begonia zilikuwa safi. Jumatano asubuhi niligeuza jani jipya kabisa, dogo kama ukucha, bado limekunjika, nikakuta wamo ndani.

Mtu mwenye akili timamu angerudia sabuni. Ndiyo dawa yake: kurudia, kila baada ya siku chache, mpaka wa mwisho aliyejificha afikiwe. Leo nalijua hilo. Lakini nilikuwa na mpaka Jumapili tu, na wazo la nyanya yangu kusimama katika gauni jeupe kando ya ua linalotembea lilinikosesha usingizi. Gazeti la rafuni lilikuwa limetaja dawa kali kuliko sabuni. Chemsha majani ya tumbaku, chuja, acha yapoe, nyunyiza.

Nilikwenda Kamukuywa sokoni mchana peupe. Sikuona sababu ya kujificha, kwa kuwa sikuwa nikifanya baya, na hapo ndipo wasiwasi wangu wa kila siku ulipolala usingizi siku niliyouhitaji. Mama muuza tumbaku alikuwa jirani wa zamani. Aliniangalia, akaangalia mafungu yake, akanichagulia lile la chini lililokuwa limefungwa vizuri kwa jani la mgomba.

"Hii ndiyo yeye anapenda," akasema. "Msalimie sana. Mwambie nilijua tu hawezi kuniacha."

Nikamwambia si ya kukhu, ni ya maua. Alicheka mpaka akashika kifua. Akawaambia wenzake wa upande wa pili wa njia, na wao wakacheka, na nilipogeuka kuondoka nikamwona nyuma yangu mama mmoja wa kanisa letu, amebeba kikapu cha viazi vitamu, hacheki.

Alhamisi nilichemsha majani hayo nje, nyuma ya ghala, kwenye debe kuukuu ambalo halikuwa la chakula. Harufu ilikwenda mpaka barabarani. Nilichuja kwa kitambaa, nikaacha maji yapoe kivulini. Nyanya akaja na mkongojo wake, akafuata pua.

"Bwana wangu," akasema, "leo ndio umekumbuka kunipikia?"

Nilimweleza. Nilimleta mpaka benchini nikamwonyesha chini ya jani. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza kama hao wadudu wanauma, akauliza Wazungu wanawezaje kulala nyumba moja nao. Kisha tukarudi kwenye debe, akaniuliza kama nimetia magadi. Nikamwambia hapana, gazeti halikusema magadi. Akanitazama kwa huruma niliyoidhania ni ya mtu asiyejua kusoma. Nikamwacha amekaa kando ya debe, nikaenda kisimani kuteka maji ya kupunguzia ukali.

Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Nikachanganya, nikachukua fungu la nyasi, nikalichovya na kunyunyizia begonia zote, chini na juu, kwenye kila kikonyo, mpaka zikawa zinadondosha. Hakuna jani nililoruka. Nasema hivyo nikijua maana yake.

Ijumaa asubuhi vidukari walikuwa wamekufa wote. Walikuwa wamegeuka kahawia na kukauka, nikapuliza wakaanguka kama pumba. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bungoma. Halafu nikaona kingo za majani. Zilikuwa zimeungua. Si kunyauka kwa kiu, ambako nakujua. Zilikuwa zimeungua kama karatasi iliyokaribia moto, na madoa yalikuwa yakiingia ndani kuelekea katikati ya jani. Begonia nyekundu ilikuwa imeinamisha vichwa vyake vyote. Nilisimama pale nimeshika fungu la nyasi, nisielewe. Nilikuwa nimepima. Nilikuwa nimechuja mara mbili.

Hapo ndipo walipobisha hodi. Alikuwa mzee wa kanisa, yule anayewahoji wanaotaka kubatizwa, pamoja na mama wa viazi vitamu. Mama yangu alikuwa shambani akipalilia, kwa hiyo wenyeji tulikuwa mimi na nyanya tu. Niliwapa viti. Mzee alisalimu kwa upole, akauliza habari za baba na za Kitale, akasifu mvua. Alikuwa mtu mwema, na alionekana hataki kufika alikokuwa anakwenda. Mwishowe alisema kwamba kuna maneno yamesemwa sokoni, na kwamba nyumba yenyewe, samahani, inanuka.

Nilimwambia ukweli wote kwa haraka, maneno yakigongana. Vidukari, sabuni, gazeti, debe. Nilimpelekea kopo la begonia mpaka magotini pake.

"Kijana," akasema, "si ni maua haya? Maua hayatumii tumbaku, bana."

Nikageuza jani nikamwonyesha maiti za wadudu, na jeraniamu nje zenye pamba iliyo hai bado. Mama wa viazi aliinama kutazama pamba ile ikitembea, akaruka nyuma akakung'uta kitambaa chake cha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye anayo nyumbani, kwenye ua alilopewa na dadake, na kwamba amekuwa akidhani ni maua yake. Nikaona uso wa mzee umelegea. Aliniamini. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ameniamini. Alikuwa ameanza kuinuka, akasema basi, ni vizuri kuuliza, na akiwa njiani kutoka akainama juu ya debe, nililokuwa nimeliacha nje ya mlango, kwa udadisi tu, aone dawa yenyewe.

Hakugusa. Alisimama tu pale na machozi yakamlengalenga. Kisha akanyooka polepole.

"Hii ina magadi," akasema.

Nikasema haina. Nikaapa. Nilisema gazeti halikusema magadi, mimi mwenyewe ndiye niliyechemsha, na nilikuwa ningali ninaapa niliposikia mkongojo nyuma yangu.

"Nilitia mimi," nyanya akasema.

Sidhani nimewahi kushtuka vile. Nikamgeukia, nikaelewa yote mawili kwa pamoja: kilichounguza begonia, na kilichokuwa kinakuja. Yeye alikuwa ametulia, anaeleza kama anavyomweleza mkwe namna ya kupika mboga. Tumbaku bila magadi, alisema, ni maji ya kunawia tu. Kijana wetu alisoma gazeti la watu wasiojua tumbaku. Yeye aliona haya kunisahihisha, kwa hiyo alingoja niende kisimani. Alitaka wadudu wafe kabla ya Jumapili.

Palikuwa na njia bado. Ndivyo nilivyoona, na nadhani mzee pia aliiona, kwa sababu alisema taratibu kwamba kutia magadi kwenye dawa ya maua si kutumia tumbaku. Mkono tu umegusa. Mama wa viazi akaitikia kwa kichwa. Lakini mzee alikuwa mhoji, na kazi yake ilimtaka aulize, naye akauliza huku akitazama chini.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe hukunusa, mama?"

Nilimtazama nyanya. Sijawahi kumwomba Mungu neno fupi vile, hapana moja tu.

"Nilionja kidogo," akasema. "Kwa pua. Sasa ningejuaje kama imekolea?"

Mama wa viazi akajifunika uso kwa kitambaa, na mabega yake yakatikisika, sikujua kwa kilio au kwa kicheko. Mzee akashika mlango. Akajaribu tena, masikini. Akasema labda ni mvuke tu uliompanda alipokuwa ameinama.

"Mvuke?" nyanya akasema. "Maji yalikuwa yamepoa, baba. Nilitia kiganjani nikavuta. Pua hii na hii." Kisha akamtazama vizuri. "Na wewe je? Umejuaje ina magadi, na umesimama juu kule?"

Mzee alijifuta macho. Kuku alipita kati yetu, akaenda zake. "Nimeacha miaka mingi, mama," akasema hatimaye. "Lakini pua ni ileile."

Walikaa kidogo zaidi, kwa heshima. Mzee alimwambia nyanya itambidi angoje kundi la kubatizwa litakalofuata, na alilisema kama mtu anayeomba msamaha. Nyanya alimwitikia vizuri. Alimsindikiza mpaka kwenye ua wa michongoma, ingawa miguu ilikuwa ikimsumbua.

Jumamosi nilikata majani yote yaliyoungua. Begonia nyekundu ilibaki na mashina matatu matupu na jani moja. Niliyaosha mashina hayo kwa maji safi, nikamwaga maji mengine mengi kwenye udongo ili magadi yatoke, yakapita chini ya kopo yakiwa na povu. Nilikuwa nikitafuta mahali nilipokosea, kana kwamba nikipapata, Jumapili itarudi. Nilipima tena kichwani kila kitu nilichopima. Mama, aliporudi shambani Ijumaa ile na kusikia, hakunikaripia. Alilikunja gauni jeupe akalirudisha sandukuni, na hilo lilinishinda kuliko karipio.

Jumapili nyanya alivaa gauni lake la kila siku, tukaenda. Sikupeleka kopo hata moja. Mbele ya kanisa mtu mwingine alikuwa ameweka kangaga ndani ya debe, na ibada nzima nilikuwa najizuia nisiende kuyageuza majani yake. Wale waliobatizwa waliitwa mmoja mmoja. Nyanya alikaa kwangu upande wa kulia, na kila jina lilipoitwa alitikisa kichwa kana kwamba analihesabu, na majina yalipokwisha aliendelea kutikisa kidogo, kisha akaacha. Alibatizwa baadaye, mwaka uliofuata, siku ya mvua, nami nilikuwapo. Lakini siku ninayoikumbuka ni hiyo ambayo hakuitwa.

Tuliporudi nyumbani tulipitia njia ya mashamba ili asikutane na watu wa kumpa pole. Nilikuwa nimekwisha kumwomba msamaha mara nyingi mpaka akaniambia ninamchosha. Mwishowe sikuweza kujizuia.

"Kukhu, si ungesema tu hapana? Alikuwa anataka useme hapana."

Alifikiri. Alisimama kufikiri, akaegemea mkongojo.

"Aliuliza vizuri," akasema. "Nikajibu kabla sijajua ninajibu." Akaanza kutembea tena. Hatua chache mbele akasema, bila kugeuka, "Na nisikufiche, bwana wangu. Ilikuwa tumbaku nzuri sana."

Nilibaki nimesimama katikati ya njia mpaka alipofika kwenye kona ya mahindi na kuniita nije nimshike mkono avuke mtaro.